Nimeifunga Tiketi ya Mdogo Wangu, na Kila Asubuhi Naambiwa Hakuna Kipya

Mshauri mpendwa, nisaidie kwanza kujua nimefanya nini, ndipo uniambie nifanye nini, maana nimejichanganya mpaka sijui kama nakuandikia kama mkosaji au kama mkosewa.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mgane, mwalimu mstaafu wa jiografia, nakaa na binti yangu na mumewe kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu, chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na mezani nina kompyuta niliyoachiwa na mkwe wangu aliponunua mpya. Mji niliozaliwa niliuacha miaka arobaini na mmoja iliyopita, sikuuacha kwa kupenda, na tangu hapo nimehama mara tano, nimejifunza kufungasha vitabu ili visikunjike pembe, na nimejifunza kutoulizwa ninatoka wapi.

Miaka mitatu iliyopita, nilipochoka kusoma vitabu vilevile, nilijiunga na watu wanaotengeneza ramani ya bure ya kwenye simu, ile ambayo madereva huitumia kutafuta njia. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea, wametawanyika duniani kote, na kwa kuwa hakuna kazi ya mikono ya watu isiyo na kasoro, wana daftari la hitilafu kwenye mtandao, liko wazi, yeyote akiona kosa anaandika: daraja hili limevunjika, mtaa huu umewekwa upande usio wake, kitufe hiki kikibonyezwa hakiitiki. Kila kosa linapewa namba na linaitwa tiketi. Likirekebishwa, tiketi inafungwa. Watu wawili wakiripoti kosa moja, ile ya pili inafungwa kwa kuandikwa "imerudiwa", na msomaji anaelekezwa kwenye ile ya kwanza. Kazi yangu mimi ni kusoma tiketi zilizoandikwa kwa Kiswahili na kuzipanga, na sijivuni nikisema naifanya vizuri, maana nimesahihisha madaftari ya wanafunzi miaka thelathini na jicho langu limezoea kosa kama pua inavyozoea moshi.

Siku ya kwanza kabisa nilifanya ambalo kila mtu hufanya akipewa ramani, nilitafuta kwetu. Nilikuta mtaa wetu, na pale palipo na Ngazi za Fundi Saa pamechorwa barabara ya magari. Fundi Saa alikuwa baba yangu. Duka lake la kutengeneza saa lilikuwa juu ya ngazi za mawe zenye vipandio saba, ukuta pande zote mbili, na kipandio cha chini kabisa kilikuwa kimezama nusu ardhini, kila mgeni alijikwaa pale na baba alijua mteja anakuja kwa kusikia akitukana. Nikaandika tiketi yangu ya kwanza, kwa jina la namba tu ambalo halimtambulishi mtu, nikasema hii si barabara, ni ngazi, vipandio saba. Wakuu wa ramani wakanijibu kwa adabu kwamba hawawezi kubadilisha bila picha au ushahidi wa mtu anayeishi hapo. Sina picha. Siishi hapo. Tiketi ikabaki wazi, inangoja shahidi.

Kuna mama mmoja anayetusimamia sisi wasomaji wa Kiswahili, wenzetu wanamwita Bi Tiketi, sijawahi kumwona, namjua kwa sauti tu, naye aligundua kwamba naingia kwenye daftari kila siku kutazama tiketi yangu kama imejibiwa. Akanipigia simu, akaniambia, "Mzee wangu, mbona unachungulia sufuria kila dakika? Maji hayachemki kwa kutazamwa. Hifadhi utafutaji wako, mashine ikutafutie, wewe kaa." Akanielekeza pole pole: niandike maneno ninayoyatafuta, nikaandika jina la mji wetu na neno ngazi, nichague tiketi zilizo wazi, nihifadhi, niupe utafutaji huo jina, nikauita "Kwetu", kisha niombe kila asubuhi saa moja niletewe barua pepe ya kunijulisha lolote lililoongezeka au kubadilika. Akanishauri pia nizime arifa nyingine zote, kwa sababu nilikuwa napokea barua mia mbili kwa siku na zilizo za maana zilizama humo kama sindano kwenye magunia ya pamba. Nikazizima zote. Nikabaki na ile moja.

Miaka miwili na zaidi, Mshauri, kila siku saa moja barua ilikuja na maneno mawili, "Hakuna kipya", na utanicheka lakini nilizipenda, zilikuwa kama tarishi anayepanda ghorofa tatu kuja kugonga mlango na kukwambia huna barua, ukamshukuru kwa kuja. Binti yangu aliniona namna ninavyowahi kompyuta kabla ya kunawa uso, siku moja akaniuliza mezani mbele ya mumewe kama huyo anayeniandikia saa moja kila asubuhi ni mwanamke, na kama ni mwanamke mbona hana maneno mengi. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wao.

Miezi minane iliyopita barua ilikuja na kitu. Tiketi mpya, namba [namba nimeiondoa gazetini. Mshauri], imeandikwa na mtu anayejiita Fundi Mdogo. Nainakili neno kwa neno kwa sababu naijua kwa moyo: "Ramani yenu inasema gari linapita Ngazi za Fundi Saa. Gari halipiti. Ni vipandio sita vya mawe, ukuta huku na huku. Juzi gari la wagonjwa lilifuata ramani yenu likakwama pale chini, mama wa watu akabebwa kwa machela mpaka barabara ya juu. Rekebisheni."

Mshauri, baba alikuwa na wanafunzi wawili tu dukani, wanawe. Mkubwa alimwita Fundi Mkubwa, nami sikuwahi kutengeneza hata saa moja ikatembea. Mdogo alimwita Fundi Mdogo.

Sasa lazima nikwambie nililolificha, na kalamu inaniwia nzito. Mwaka tulioondoka, baba alikuwa ameshafariki, mama anaumwa, lori lina nafasi ya wawili, mdogo wangu ana miaka ishirini na miwili na nguvu zake, mimi nina thelathini na amri zangu, nikamwambia kaa na duka, usitoke mpaka nirudi, siku tatu. Sikurudi. Njia ilifungwa nyuma yetu kama maji yanavyofunga nyuma ya jiwe, nikaandika barua mbili zikarudi na mhuri, kisha mtu mmoja wa mtaa wetu niliyekutana naye njiani akasema mtaa mzima umekwisha, hakusema amemwona mdogo wangu amekufa, alisema mtaa umekwisha, nami nikaichukua sentensi ile nikaikamilisha mwenyewe. Mwaka wa sita mama akawa anakwenda, akaniuliza mwanangu yuko wapi, nikamwambia ametangulia, mama, anakungoja. Nilitaka aende bila kungoja mtu. Na neno lililokwisha kusemwa kwa mama anayekata roho huwezi kulirudisha kwa mke, na lililosemwa kwa mke huwezi kulirudisha kwa watoto, hivyo mdogo wangu amekuwa marehemu nyumbani kwetu miaka thelathini na mitano, na binti yangu alipojifungua mtoto wa kiume alimpa jina la ami yake marehemu ili kunifurahisha, na kila nikimwita mjukuu wangu namwita mtu niliyemzika kwa maneno.

Basi tiketi ilipokuja sikujibu. Niliisoma. Nikabadilisha arifa, badala ya kila asubuhi nikaiweka kila saa. Baada ya mwezi akaongeza, "Mimi nakaa juu ya ngazi hizi tangu kuzaliwa, sijahama hata siku moja, msinifundishe mtaa wangu." Nikaisoma hiyo, nikaenda kukaa bafuni kwa muda mrefu mpaka mkwe wangu akagonga. Mwezi wa tano akaandika, "Kuna mtu anayesoma humu?" Mtu alikuwepo, Mshauri. Mtu alikuwepo na mikono yake iko juu ya vitufe.

Wiki tatu zilizopita Bi Tiketi alitangaza usafi, akasema kila msomaji afunge tiketi zilizorudiwa, zimejaa mno. Nikapita orodha yangu, nikafika kwake. Na ni kweli, Mshauri, kwa kanuni tiketi yake ni marudio ya yangu, yangu ni ya zamani kwa zaidi ya miaka miwili, kosa ni lilelile, mahali ni palepale, kanuni haisemi chochote kuhusu ndugu. Nikaifunga. Nikaandika sababu, kwa jina langu lile la namba: "Imerudiwa. Tazama tiketi ya awali. Aidha, vipandio ni saba, si sita. Cha chini kimezama nusu." Hilo la mwisho lilinitoka tu, sikuweza kuacha kosa la hesabu lipite, ni tabia. Kisha nikairudisha arifa yangu iwe ya kila asubuhi, kwa kuwa nilidhani nimemaliza.

Tangu siku hiyo ni siku kumi na tisa. Kila siku saa moja, "Hakuna kipya." Mtu aliyekuwa mkali miezi minane, ghafla kimya. Nimechanganyikiwa. Nashindwa kujua kama ameudhika akaacha, au anaumwa, au amekufa safari hii kwa kweli na mimi ndiye niliyemfungia mlango mara ya pili, au hakuwa yeye tangu mwanzo, ni mtu mwingine aliyerithi jina la duka, maana mtu aliyezaliwa juu ya ngazi zile angewezaje kukosea idadi yake? Wakati mwingine hilo linanipa nafuu, halafu nafuu yenyewe inanitia aibu. Nimwandikie, au nimwache na amani yake kama anayo? Na nikimwandikia, binti yangu nitamwambiaje kwamba mwanawe ana jina la mtu aliye hai?

Nijibu kwa ukali ukipenda, nimezoea kuwa upande wa pili wa kalamu nyekundu.

Fundi Mkubwa

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusalimu kwanza kwa sababu baada ya hapa sitakuwa na adabu nyingi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikashika kiuno. Kwa hiyo nitaanza na lililo dogo, nalo ni hicho kimya kinachokutesa.

Hapa gazetini tuna fundi wa kompyuta, mama mwenye watoto watatu na subira ya nusu mtu. Nilimpelekea barua yako nikamwomba anieleze mambo ya arifa. Hakufika hata mwisho. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, pale uliposema ulichagua "tiketi zilizo wazi", akasema, "Huyu mzee amefunga dirisha kwa mkono wake, halafu anashangaa upepo haupiti."

Acha nikueleze kama alivyonieleza mimi, maana mimi pia siyajui. Utafutaji wako unaoitwa "Kwetu" ni mtumwa mtiifu. Ulimwambia akuletee habari za tiketi zilizo wazi tu. Siku uliyoifunga tiketi ya Fundi Mdogo, ilitoka kwenye orodha ya mtumwa wako. Tangu hapo mtu anaweza kuandika chini yake mashairi, matusi au wasia, na mtumwa wako atakuja saa moja asubuhi, atasimama mlangoni na kusema hakuna kipya, wala hakudanganyi. Anajibu swali ulilomuuliza. Daftari lenyewe lingekuarifu kwa njia nyingine kwamba umejibiwa, kwa kuwa uliandika chini ya tiketi hiyo, lakini arifa hizo ulizizima zote kwa ushauri wa Bi Tiketi. Simlaumu, hakujua anazima nini.

Wewe lakini ni mwalimu. Wanafunzi wangapi uliwaambia kwamba kutoona kitu si sawa na kitu hicho kutokuwepo? Miaka arobaini na mmoja iliyopita mtu alikwambia mtaa umekwisha, ukamalizia mwenyewe kwamba na mdogo wako amekwisha. Sasa mashine inakwambia hakuna kipya, unamalizia tena mwenyewe. Una haraka ya kumzika mtu huyu, mzee wangu. Sijui kwa nini, lakini nadhani wewe unajua: aliyekufa hakuulizi kwa nini hukurudi siku ya tatu.

Pole. Nasema pole kwa dhati. Lori lenye nafasi ya wawili, mama mgonjwa na njia inayofungwa si mambo ya kumhukumu mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi. Ulichomwambia mama yako pia sitakigusa, hiyo ilikuwa dawa ya saa ile, na mtoaji dawa alikuwa wewe. Ila dawa ya mgonjwa mmoja ukaifanya chakula cha nyumba nzima. Hapo ndipo ninapogomba.

Na ninagomba zaidi kuhusu jambo ambalo hukuliona kabisa, ukiwa na jicho lako lote la kalamu nyekundu. Tiketi yako wewe imekwama miaka mitatu kwa kukosa nini? Picha, au ushahidi wa mtu anayeishi hapo. Shahidi akaja. Akaja kwa miguu yake, akasema nakaa juu ya ngazi hizi tangu kuzaliwa, akauliza kama kuna mtu anayesoma. Wewe ukamfukuza mahakamani kwa kuwa kesi yako ilifunguliwa kwanza. Unajificha nyuma ya kanuni, na kanuni yenyewe haikuwa upande wako: fundi wetu anasema tiketi ikirudiwa unabakiza ile yenye maelezo ya kufaa, si lazima ile ya zamani. Na huku mnavutana kimyakimya, gari la wagonjwa lijalo litakuja kukwama palepale. Mama wa watu aliyebebwa kwa machela hakuwa sehemu ya ugomvi wenu.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Daftari hilo liko wazi kwa yeyote, ulisema mwenyewe, na namba uliniandikia. Nilimwomba fundi wetu aifungue tiketi iliyofungwa atazame chini yake. Tulikuwa wawili mbele ya kioo, na safari hii yule mama asiye na subira alisoma mpaka mwisho.

Chini ya maneno yako kuna majibu matatu.

La kwanza liliandikwa siku moja baada ya wewe kufunga. "Kipandio cha saba kilifunikwa walipomwaga lami barabara ya chini, mwaka wa tatu baada ya watu kuondoka. Hapa mtaani hakuna anayekijua isipokuwa mimi. Wewe uliyefunga ni nani?"

La pili, siku sita baadaye. "Nauliza tena. Ni nani?"

La tatu ni la Jumanne iliyopita. "Kama ndiye, siku tatu zimepita. Mimi nipo dukani."

Basi hukuniuliza bure kama ni yeye. Ulisema mtu aliyezaliwa pale hawezi kukosea idadi ya vipandio, na hakukosea. Wewe ndiye uliyekosea. Unaujua mtaa kama ulivyokuwa, yeye anaujua kama ulivyo, na kile kimoja mnachopishana ndicho kilichokutambulisha kwake. Jicho lako la mwalimu limekutendea wema kuliko moyo wako, nalo lilifanya hivyo bila ruhusa yako.

Hutaki kusubiri siku ya gazeti, nami sikusubiri. Jibu hili nimekutumia kwa barua pepe siku nne kabla halijachapwa, na namba ya tiketi nimeifuta ili wasomaji wetu, ambao nawapenda lakini nawajua, wasije wakaenda kukaa pale kama watu waliokuja kutazama harusi ya mwenzao. Mambo utakayoyafanya ni haya, na kwa mpangilio huu.

Zungumza na binti yako kabla hujagusa kompyuta. Kama yuko jikoni, mfuate jikoni. Usianze na lori wala na njia, utaishia kujitetea. Mwambie, "Ami yako yu hai, na mimi ndiye niliyesema amekufa." Kisha nyamaza umpe nafasi. Atakasirika. Ana haki, muache akasirike atakavyo, na usimwombe akufariji, hiyo si zamu yake. Kuhusu jina la mjukuu, sioni taabu yoyote. Mtoto aliyepewa jina la mtu aliye hai ana bahati kuliko wengi, anaweza kupiga simu akamwuliza mwenye jina lake alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa na umri wake. Kama binti yako ni yule yule aliyekutania kuhusu mwanamke wa saa moja asubuhi, nadhani ataanza kuuliza maswali kabla machozi hayajakauka. Mjibu yote.

Baada ya hapo, na iwe siku hiyo hiyo, rudi kwenye utafutaji wako. Ondoa lile sharti la tiketi zilizo wazi peke yake, uache mtumwa akuletee zilizo wazi na zilizofungwa. Halafu ingia kwenye tiketi ya Fundi Mdogo na uchague kuifuatilia, ili kila atakachoandika kikufikie saa hiyo hiyo, si kesho yake asubuhi. Usipojua kitufe kilipo, mpigie Bi Tiketi, naye atafurahi kukufokea.

Kisha ifungue tena tiketi yake. Yako ndiyo uifunge, iandike imerudiwa, uelekeze watu kwake. Waambie wakuu wa ramani shahidi amepatikana, anaishi hapo, barabara ile ifutwe na ngazi zichorwe. Hili ulilifanya kinyume, lifanye sawa, na usiliache liende kwa wiki nyingine, kuna wagonjwa mtaani.

Na sasa maneno. Nawajua ninyi watu wa vitabu, utataka kumwandikia kurasa kumi, uanze na hali ya hewa ya siku ile na rangi ya lori. Hapana. Kurasa kumi zitakuja, na pengine utazisema uso kwa uso, miguu yenu ikiwa juu ya mawe yale. Lakini mtu aliyengoja miaka arobaini na mmoja hahitaji kuanza na utetezi wako. Ameuliza swali moja mara mbili. Mjibu swali lake. Na kwa kuwa ulimsahihisha mbele za watu, jisahihishe mbele za watu, palepale chini ya maneno yake, bila jina la namba.

Ili usizidishe maneno, nakuandikia mimi, wewe unakili tu:

"Ulisema kweli, ni sita. Mimi nilihesabu saba kwa sababu niliondoka kabla ya lami. Nisamehe kwa zile siku tatu. Fundi Mkubwa."